Mpira wa mafuta hauna VAR

Shabiki wa soka akisikia neno mpira, akili yake inakwenda moja kwa moja uwanjani. Anawaza Simba na Yanga, anawaza penalti iliyonyimwa na kipa aliyetema shuti jepesi dakika ya 89. Lakini kwa fundi wa gari la mashindano, mpira una maana nyingine kabisa. Ni ule unaotoka kwenye tangi, unapita kando ya dereva au chini ya sakafu, na kufikisha petroli kwenye injini. Mpira huo nao una mechi yake, na ukifungwa bao hakuna marudiano.

Kila rali inapokaribia, iwe Iringa, Morogoro, Tanga au Arusha, mazungumzo ya wadau ni yaleyale. Nani kashusha Evo mpya, nani kabadili turbo, nani ana matairi makali, nani katafuta msoma ramani wa maana. Mpira wa mafuta hautajwi. Uko kama mtunza vifaa wa timu, ambaye hukumbukwa siku jezi zimesahaulika hotelini.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Katika gari lote la mashindano, hakuna kifaa cha bei ndogo kama hicho kinachoweza kusababisha hasara kubwa kama hiyo. Turbo ikifa, dereva anapoteza mashindano. Giaboksi ikigoma, anarudi nyumbani kwa kuvutwa. Mpira wa mafuta ukipasuka juu ya eksozi iliyoiva, yeye na mwenzake wana sekunde chache za kufungua mikanda na kutoka.

Hesabu yake ni rahisi. Pampu ya mafuta inayopendwa sana na mafundi wa magari ya mashindano ina uwezo wa kusukuma lita 255 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya lita 4 kwa dakika. Mpira ukikatika wakati pampu inaendelea kufanya kazi, petroli hiyo haiendi tena kwenye injekta, inamwagika ndani ya boneti. Na eksozi ya gari linalokimbizwa hupita kirahisi nyuzi joto 500. Petroli haihitaji kiberiti hapo.

Dunia ya mbio imeshaona mambo haya. Agosti 1, 1976, Niki Lauda aliungua vibaya na Ferrari yake pale Nürburgring, akabaki na makovu maisha yake yote. Mwaka 1994 pale Hockenheim, mafuta yalimwagika kutoka kwenye bomba la kujazia gari la Jos Verstappen, baba yake Max, na ndani ya sekunde chache gari na watu waliolizunguka vilimezwa na moto. Machi 2020, Ford Fiesta ya Esapekka Lappi iliteketea kwenye Rally Mexico, yeye na msoma ramani wake wakatazama kutoka pembeni.

Tukio lililotikisa wengi zaidi ni la Romain Grosjean nchini Bahrain, Novemba 29, 2020. Gari lilipasua uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kulipuka. Alitoka ndani ya moto baada ya sekunde kama 28. Uchunguzi wa FIA ulieleza njia kuu mbili ambazo mafuta yalitumia kutoka tangini: mfuniko wa ukaguzi uliong'oka, na kiungo cha kupeleka mafuta kwenye injini kilichong'olewa kutoka kwenye tangi. Yaani Formula One, yenye wahandisi wa kumwaga, bado ilikuta udhaifu wake kwenye kiungo cha mafuta. Sasa gari lililofungwa gereji ya mtaani usiku wa kuamkia ukaguzi lina kinga gani?

NJE WAYA, NDANI NINI?

Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mpira wa mafuta uliosukwa kwa waya unang'aa kuliko vyote. Unapendeza, unafanya injini ionekane ya kizungu. Wengi wananunua kwa macho. Ni sawa na klabu inayosajili straika kwa kuangalia video za magoli yake kwenye simu, bila kuuliza alicheza mechi ngapi na goti lake likoje.

Ukweli ni kwamba msuko wa nje haubebi mafuta. Kazi ya msuko ni kuuzuia mpira wa ndani usivimbe presha inapopanda, na kuulinda usichubuke. Kinachobeba mafuta ni utando wa ndani. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa: ndani kuna nini?

Kuna aina mbili zinazopatikana zaidi. Ya kwanza ni mpira wa sintetiki, mara nyingi wa jamii ya nitraili. Unapindika kirahisi, unafungika bila shida na bei yake si mbaya. Udhaifu wake ni kwamba unazeeka. Joto na mafuta vinaukausha, unapata nyufa, na mvuke wa petroli unapenya taratibu hata kabla haujavuja. Ile harufu ya petroli inayojaa ndani ya gari lililolala gereji wiki nzima mara nyingi inaanzia hapo. Petroli iliyochanganywa na ethanoli inamaliza haraka zaidi mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ya pili ni PTFE, plastiki ya ukoo wa tefloni, ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Hii haijali ethanoli, inavumilia joto kali na haipitishi harufu kirahisi. Nayo ina masharti yake. Ukiikunja kwa nguvu inavunjika kama mrija wa soda na njia inaziba. Vilevile mafuta yakipita kwa kasi yanaweza kuzalisha umeme tuli ndani yake, ndiyo maana PTFE ya mafuta inatakiwa kuwa na kaboni ndani, ile nyeusi inayopitisha umeme. PTFE nyeupe tupu si ya petroli ya gari la mashindano, hata muuzaji aape vipi.

Msuko wenyewe nao uko wa namna mbili. Wa chuma cha pua ni mgumu na unahimili kuchubuliwa, lakini ni kama msumeno: ukiachwa unagusana na waya wa umeme au mpira mwingine, utaula mpaka utokeze upande wa pili. Wa nailoni au nyuzi nyingine ngumu ni mwepesi na haukati jirani yake, ingawa chuma kinaushinda karibu na mawe na joto. Na yote miwili ina siri moja, inaficha. Mpira wa ndani unaweza kuwa umepasuka nyufa kumi, na nje bado unang'aa kama siku ulipotoka dukani.

NAMBA HAZIDANGANYI

Kanuni za FIA za usalama wa magari ya mashindano, zile za Kiambatisho J, kifungu cha 253, hazina longolongo. Mpira wa mafuta lazima uhimili presha isiyopungua bar 70 kabla ya kupasuka, na uhimili hivyo ukiwa kwenye joto la nyuzi 135. Ukiwa wa kupindika, msuko wake wa nje lazima usichubuke kirahisi na usiendeleze moto. Viungo vyake lazima viwe vya kufungwa kwa nyuzi za nati, vya kubanwa kwa mashine au vya kujifunga vyenyewe. Na mpira wa mafuta unaweza kupita ndani ya chumba cha dereva, lakini bila kiungo chochote mle ndani, isipokuwa kwenye kuta za mbele na nyuma.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini bar 70 wakati injini nyingi za injekta zinatumia bar 3 au 4 tu? Jibu ni kwamba mpira haupimwi siku ya amani. Unapimwa siku gari limetua vibaya baada ya kuruka tuta, jiwe limegonga chini, injini imetikisika kwenye mapachiko yake na joto la boneti limepanda. Kipa hapimwi kwa mipira ya kurudishiwa na mabeki wake.

Namba nyingine ni ya ukubwa. Mipira hii huuzwa kwa namba za AN, mfumo ulioanzia jeshini Marekani, ambapo kila namba ni sehemu ya kumi na sita ya inchi. Namba 6 ni inchi tatu kwa nane, namba 8 ni nusu inchi. Kwa magari mengi ya rali yenye turbo, namba 6 inatosha kupeleka mafuta, na namba 8 inaingia pale nguvu inapokuwa kubwa sana. Mpira mwembamba kuliko mahitaji unainyima injini mafuta ikiwa kwenye mzigo, na injini yenye turbo ikinyimwa mafuta, pistoni zinatoboka.

KIUNGO DHAIFU, TIMU DHAIFU

Mashabiki wanajua timu inavyoyumba kiungo wake akiwa mbovu. Kwenye mafuta ni hivyohivyo. Mara nyingi mpira haupasuki katikati, unachomoka kwenye kiungo.

Viungo vya AN vina mdomo wa nyuzi 37. Viungo vingi vya kawaida vya magari na mabomba vina mdomo wa nyuzi 45. Vikikutanishwa vinaweza kuonekana vimeshikana, spana ikakaza, fundi akaridhika. Lakini vinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na mtikisiko wa kilomita chache unatosha kuanzisha jasho la petroli.

Kosa lingine ni kufunga kiungo cha mpira wa kawaida kwenye PTFE. Viungo vya PTFE vina pete ndogo ya ndani inayobana plastiki. Bila pete hiyo kinachoshikilia ni msuko tu, na presha itausukuma nje. Ndiyo maana inashauriwa mpira na viungo vitoke kwa mtengenezaji mmoja. Kuchanganya ni kucheza bahati nasibu. Ile klipu ya kukaza kwa bisibisi, iliyozoeleka kwenye mipira ya rejeta, haina kazi kwenye mpira uliosukwa. Inabana waya, haibani mpira.

Kisha kuna njia ya kupitisha. Mpira bora ukipitishwa vibaya ni mpira mbovu. Usipite juu ya eksozi. Usining'inie chini ya sakafu pasipo bati la kuukinga. Ukitoboa bodi, tundu liwekewe raba. Ushikwe kila hatua fupi kwa vibano vyenye raba ndani, na uachiwe ulegevu kidogo karibu na injini, kwa sababu injini inacheza. Anayetaka kujua sababu aangalie magari ya dunia yanavyotoka Kedong au Sleeping Warrior kule Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu ilipofanyika 2002. Vumbi laini kama unga, mawe yaliyojificha ndani yake, madimbwi yakinyesha. Mashindano hayo yalianza 1953, na miaka yote barabara za Afrika Mashariki zimekuwa zikitafuta kilicholegea chini ya gari.

FEKI KAMA JEZI FEKI

Shabiki anaijua jezi feki. Nembo imepinda, rangi inachuja fuo la kwanza. Mpira wa mafuta feki nao una dalili zake. Wa kweli una maandishi: jina la mtengenezaji, ukubwa, kiwango cha presha, mara nyingi na tarehe. Feki uko kimya, au una maandishi yanayofutika kwa kidole. Wa kweli, msuko wake umeshikana na kilicho ndani. Feki nyingi ni mpira wa kawaida uliovalishwa soksi ya waya, na soksi hiyo inateleza ukiivuta. Ukikatwa, wa kweli unaonyesha ukuta wenye unene sawa pande zote. Feki una upande mnene na upande mwembamba.

Muuzaji anayejua kazi yake hakasiriki akiulizwa maswali haya. Anayekasirika ameshajibu.

Hapo ndipo inapoingia hoja ya pesa, na si hoja ya kubeza. Rali ya hapa nyumbani ni mchezo wa kujitolea mfukoni. Wadhamini ni wachache, vipuri vinaagizwa nje, kodi ipo, usafirishaji upo. Dereva kijana anayejenga gari kwa mshahara akiambiwa anunue PTFE na viungo vyake vyote, anahesabu matairi aliyokuwa anataka kununua na kukuna kichwa. Wengine wanasema, mbona fulani amekimbia miaka mitatu na mpira wa kawaida, hajawahi kuungua?

Huyo fulani ana bahati, na bahati si mpango wa mazoezi. Hata hivyo kuna ukweli mmoja ambao wauzaji wa vitu vya kung'aa hawausemi: kama bajeti hairuhusu mpira wa kweli uliosukwa, mpira mpya wa injekta wenye daraja la R9, uliofungwa kwa klipu zake sahihi na kukingwa vizuri, ni salama kuliko feki iliyovalishwa waya. Dereva ataangalia kanuni za mashindano anayokwenda zinaruhusu nini, na pale zinapodai msuko atanunua msuko wa kweli au atasubiri mwezi mmoja. Kukosa rali moja kunauma, lakini ngozi iliyoungua haisubiri msimu ujao.

Kupima nako hakuhitaji fedha. Gari likiwa baridi, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi, pampu inawashwa bila kuwasha injini. Fundi anapita kila kiungo na kitambaa kikavu. Kitambaa kikilowa, hakuna kuondoka. Zoezi hilo linakula dakika 10, halafu linarudiwa baada ya mwendo wa kwanza, kwa sababu viungo vipya hukaa vizuri vikishapata joto.

WAKAGUZI NAO WAAMKE

Jukumu haliishii kwa dereva na fundi wake. Ukaguzi wa magari kabla ya rali ndio mwamuzi wa kati wa mchezo huu. Mara nyingi jicho linakwenda kwenye helmeti, mikanda, mitungi ya moto na vyuma vya kinga ndani ya gari. Hayo ni sahihi na yaendelee. Lakini mitungi na mavazi yasiyoungua ni kazi ya kupunguza madhara baada ya bao kuingia. Mpira wa mafuta ndio beki wa kuzuia shuti lisipigwe.

Matangi laini ya usalama yanayotambuliwa na FIA yana umri: miaka 5, na yanaweza kuongezewa 2 yakikaguliwa upya na mtengenezaji. Kila mtu anajua kusoma tarehe ya tangi. Mpira unaotoka kwenye tangi hilohilo, nani anauliza tarehe yake? Gari linauzwa kutoka dereva hadi dereva, linabadilishwa rangi na injini, mpira ni uleule uliokuja nao.

Vyama vinavyosimamia mbio za magari Tanzania, Kenya na Uganda vinaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: karatasi moja ya mafuta kwa kila gari. Mpira wa aina gani, umefungwa lini, na nani, na lini utabadilishwa. Mkaguzi asome, alale chini aangalie, asaini. Asiye nayo apewe muda wa kuitengeneza kabla ya mashindano yanayofuata. Baada ya hapo, hakuna kujuana. Vyama vikiandaa na siku moja ya mafunzo kwa mafundi wa gereji, namna ya kukata, kufunga na kupima, vitakuwa vimefanya zaidi ya hotuba kumi za usalama.

Wadhamini nao wana nafasi. Kampuni inayolipia stika mlangoni inaweza kudai kuona karatasi hiyo kabla jina lake halijabandikwa. Hakuna anayetaka nembo yake ipigwe picha ikiwa ndani ya moshi.

Na shabiki? Shabiki wa soka anayekwenda kusimama kwenye vumbi mara moja kwa mwaka ana sauti kuliko anavyodhani. Yeye ndiye aliyepiga kelele mpaka viwanja vibovu vikafungiwa. Aanze kuuliza maswali ya maana pale kwenye eneo la mafundi, badala ya kuuliza tu gari linakimbia ngapi. Akirudi nyumbani afungue boneti ya gari lake mwenyewe. Mpira wa mafuta uliokakamaa na klipu yenye kutu havisubiri rali, vinaweza kuwaka kwenye foleni ya Ubungo.

Kwenye soka, refa akikosea kuna VAR, kuna rufaa, kuna mechi ya marudiano, na kikibaki kinyongo kuna Jumatatu ya kubishana kijiweni. Mpira wa mafuta hauna hata kimoja kati ya hivyo. Uamuzi wake unatolewa dukani siku ya kununua na gereji siku ya kufunga. Ikifika siku ya mbio, matokeo yameshaandikwa. Karatasi za ukaguzi zianze na rali ijayo, na gari lisilojulikana mpira wake umetoka wapi libaki kwenye trela.